Kumiksi na kumasta nyimbo za injili kwa kujitegemea: bei, kamati za kwaya na masta "isiyo na nguvu"

Besi_ya_Nyegezi

Bwana asifiwe wakuu. Naomba mawazo yenu hasa nyie mnaokula kwa kazi ya kumiksi (kuunganisha traki, yaani rekodi za kila sauti na chombo, ziwe wimbo mmoja) na kumasta (kuumalizia wimbo uwe na ukubwa wa sauti unaotakiwa kabla haujatoka). Mimi nipo Mwanza, nimekaa kwenye studio ya mtu muda mrefu sasa, wateja wetu karibu wote ni kwaya na waimbaji binafsi wa injili, miksi nafanya mimi ila mwenye studio ndo anachukua kilicho kikubwa, sawa ni studio yake sibishi. Sasa siku hizi walimu wa kwaya wameanza kunitafuta moja kwa moja, mtu anapiga simu anasema mtumishi sisi tumesharekodi, tunataka wewe ndo utumiksie. Nimeamua nianze kujitegemea nyumbani, nina laptop, Reaper (programu ya kumiksi) nimeshalipia leseni, Scarlett ndogo (kadi ya sauti), spika Yamaha HS5 na hedifoni za Audio-Technica M50x. Chumba ni cha kupanga, mita 3 kwa 3, ukuta wa saruji mtupu, kitanda nimekitoa.

Sasa yanayonisumbua. Nikitaja bei naambiwa hii ni kazi ya Mungu mtumishi, na mimi ni muumini kweli naogopa kuonekana nafanya biashara na madhabahu, ila kodi ya chumba na LUKU ya umeme havijui hilo. Afu kwaya ina watu 30 na zaidi, miksi ikitua kwenye grupu lao la WhatsApp kila mtu ana lake, wa soprano wanasema hawasikiki, mpiga gitaa anasema gitaa limezikwa, mchungaji anasema maneno hayaeleweki, nikirekebisha la huyu naharibu la yule na marekebisho hayaishi. La tatu masta, wananitumia wimbo wa kwaya nyingine wanasema sikia huu unavyopiga, wetu hauna nguvu. Na la mwisho besi, kwangu inakaa tamu kabisa, nikipanda daladala dereva akiweka flash yangu inafunika kila kitu, kwenye simu haipo kabisa.

Mnafanyaje jamani, na bei mnapangaje? Nataka hii iwe kazi yangu kabisa siyo ya kubahatisha.

Mzee_wa_Feda

Mtumishi karibu. Nianze na ambalo hujauliza: mwenye studio. Kwaya ikiwa imerekodi kwake na imelipa, kwa kawaida traki ni za kwaya, lakini ongea naye kabla hujazichukua, mwambie waziwazi kwamba umeanza kupokea miksi nyumbani. Hao watu wa injili wanajuana wote, na huyo huyo kesho akizidiwa na kazi ndo atakuletea. Ukiondoka kwa siri utapoteza zaidi ya kwaya moja.

Bei itaje kwa wimbo, na uitaje baada ya kuona traki, usitaje ya albamu kwenye simu. Mimi mwimbaji mmoja mwenye biti iliyokamilika nachukua 60,000, kwaya kamili na vyombo vyao inaanzia 150,000 kwa wimbo, mana huyu wa kwanza anakuja na traki 12 na hawa wanakuja na 70 ambazo nusu hazina majina. Nusu ya hela kabla hujafungua mafaili, nusu nyingine kabla hujatoa WAV ya mwisho (faili la ubora kamili), katikati hapo wanasikiliza MP3 tu. Hilo siyo kutowaamini, kwaya nyingi hela zipo kwa mweka hazina na hazitoki mpaka kamati ikae, kwaiyo ukiwapa kazi mkononi kwanza kikao kinaweza kusogea mpaka baada ya Pasaka.

Hili la kazi ya Mungu usilichukulie vibaya. Wengi wanalisema kutoka moyoni, wamechangishana elfu mbili mbili, akina mama wameuza chai na maandazi baada ya ibada ili albamu itoke. Ila sadaka anayetoa ndo anaamua atoe nini. Mimi kwaya isiyo na uwezo naipa wimbo mmoja bure kwenye albamu, na kwenye karatasi ya makubaliano naandika bei yake kamili, chini yake naandika nimetoa. Mweka hazina anaisoma mbele ya wenzake, wanajua kazi hii ina thamani gani, na mwaka unaofuata hawaanzi kwa kukuomba upunguze. Ukipunguza kimyakimya kwa simu hiyo ndo inakuwa bei yako milele na mji mzima utaijua.

Marekebisho: mara mbili yamo ndani ya bei, ya tatu inalipiwa. Na yanatoka kwa MTU MMOJA, yaandikwe, yawe na dakika na sekunde. "Dakika 2:14 sauti ya pili haisikiki" hilo naweza kulifanyia kazi. "Tunaomba uchangamshe kidogo" hilo linarudi kwa mwalimu alifafanue. Usikubali kabisa kuingizwa kwenye grupu la kwaya, wala usitume miksi huko wewe mwenyewe, mtumie mwalimu, yeye ndo anajua nani asikilizwe na nani ana kinyongo tu cha kutopewa solo.

Na mafaili. Waambie kabla: WAV, 24 bit, kwa kHz ile ile waliyorekodia usiwaambie wabadili, traki zote zianze sekunde sifuri hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu, limita (inayozuia sauti isipite kiwango) na makolokolo ya kwenye masta yazimwe, ila kama kuna dilei au efekti ambayo ni sehemu ya wimbo walete mara mbili, kavu na iliyolowa. Na piga hesabu ya bando: wimbo wa dakika 5, traki moja ya mono 24 bit kwa 48 kHz ni karibu MB 43, traki 60 ni zaidi ya GB 2.5, albamu ya nyimbo nane ni GB 20 na ushee, Google Drive ya bure ina GB 15 tu. Kwaya ya mkoani mwambie aweke kwenye hard disk aitume kwa basi, wewe ukimaliza unairudisha ikiwa na kazi na kopi ya mradi. Zaidi ya hapo kopi nyingine ikae kwako kwenye diski tofauti na ununue UPS, hilo halina mjadala.

Mwalimu_Solfa

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi siyo fundi mitambo, nafundisha kwaya, nimekaa upande wa pili wa meza hiyo na nadhani naweza kukusaidia kujua kwa nini soprano wanalalamika.

Siku miksi inakuja tunakutana baada ya mazoezi, inawekwa kwenye sabufa, watu 30 wanasimama kimya. Hakuna anayesikiliza wimbo siku hiyo. Kila mtu anajisikiliza yeye. Mama wa sauti ya pili amefanya mazoezi miezi akiacha watoto nyumbani, anataka asikie pale anapopanda peke yake kwenye beti la tatu, asipojisikia anaondoka ameumia na kesho yake ndo hayo maoni unayoyapata. Kwaiyo kabla hujagusa kitu mwombe mwalimu karatasi ya nota, wengi wetu tunaandika solfa, mwambie akupigie picha tu na akuzungushie kalamu sehemu ambazo sauti fulani ndo inabeba. Kwenye wimbo mzima zinaweza kuwa sehemu nne au tano. Hizo zikisikika vizuri, sekunde chache tu kila moja, kwaya nzima itasema miksi ni nzuri hata kama sehemu nyingine wamechanganyika, na kwaya inatakiwa ichanganyike.

Jambo la pili, alto (sauti ya pili) nao wakipotea, mara nyingi siyo sauti yao kuwa ndogo. Mpiga kinanda kwetu ameshikilia nyuzi za kinanda kwa mikono miwili toka mwanzo hadi mwisho, zile sauti za "strings" laini, na zipo oktava ile ile ya sauti ya pili na ya tatu. Nimeshamwona fundi anapandisha alto, anapandisha tena, mpaka zinaanza kukwaruza, wakati angeshusha kile kinanda kwenye mabeti tu na kukirudisha kwenye kiitikio wangejitokeza wenyewe. Muulize mwalimu kama kinanda kinaweza kupungua, atafurahi, sisi tunapambana nacho hata kanisani.

Na usimiksi makanisa yote sawa. Sisi Wakatoliki nyimbo nyingi kinanda ndo kiongozi na sauti nne ndo wimbo wenyewe, ukituwekea kiki ya kugonga kifua hata kwenye wimbo wa Komunyo padre atauliza. Wasabato kuna vikundi vya watu wachache sauti zimepangwa kwa ustadi mkubwa, ngoma hawazitaki au zinakuwa ndogo sana, pale hata pumzi ya mtu inasikika. Walokole wengi wanataka nguvu, ngoma, gitaa la solo, mtu achezee mpaka jasho. AIC na Walutheri wana namna zao pia, na matarumbeta ya KKKT ukiyaweka nyuma sana wazee hawatakuelewa. Uliza, nenda hata ibada moja ukae nyuma usikilize wanavyosikika pale, au kama upo mbali waombe video ya simu ya Jumapili. Maneno yaeleweke, hilo ni la wote bila kujali dhehebu, nyimbo zetu ni mahubiri, mtu akishindwa kusikia neno alilotakiwa asikie hakuna besi itakayofidia.

Besi_ya_Nyegezi

Mwalimu hapo kwenye kinanda umenigusa, nimefungua mradi mmoja sasa hivi nimeshusha nyuzi kwenye beti, alto wametokea kabisa, sijagusa feda yao (kidhibiti cha sauti). Shukrani sana. Mzee wa Feda karatasi ya makubaliano naiandika leo. Bado lile la masta kukosa nguvu na besi. Na kingine, kuna mwimbaji ameniletea biti ya MP3 aliyotumiwa WhatsApp na vokali imerekodiwa juu mpaka imekatika vichwa (imepita kiwango inakwaruza), anasema masta itaisafisha.

Desibeli

Mkuu ngoja nichukue hapa.

Vokali iliyokatika vichwa haisafishwi na masta, mwambie ukweli mapema. Kuna plagini za kurekebisha zinaweza kupunguza mikwaruzo kama imekatika sehemu chache, ikiwa wimbo mzima arudie kuimba, nusu siku ya studio ni nafuu kuliko kutoa wimbo utakaomwaibisha miaka. Biti aombe WAV kwa prodyuza aliyeitengeneza, na kama anaweza apate traki zake moja moja, ukipewa biti iliyoshafungwa pamoja huwezi kuishusha kiki bila kuivuta besi, unachobaki nacho ni kuchonga nafasi ya vokali katikati tu.

Sasa nguvu. Spotify inasawazisha nyimbo ziwe karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima, ikikaribia sifuri ndo kubwa), Apple Music mtu akiwasha Sound Check ni -16, YouTube inashusha iliyozidi na ile iliyo chini haiipandishi. Maana yake ukiibana masta mpaka -7 ili ionekane kubwa, ikifika Spotify inashushwa desibeli 7, ukubwa umeondoka na kilichobaki ni sneya iliyobapazwa na kwaya inayopumua vibaya kila kiki ikigonga. Ila kwaya yako haisikilizi huko. Inasikiliza flash kwenye sabufa, redio ya gari, MP3 iliyorushwa kwa simu, na huko hakuna anayesawazisha chochote, wimbo wako ukiwa -14 ukifuatiwa na wa mtu wenye -8 utaonekana dhaifu tu hata uwe mzuri vipi. Kwaiyo mimi kwaya zenye vyombo nazilenga kati ya -11 na -9, tru piki (kilele halisi cha sauti) isizidi -1, nyimbo za kuabudu za polepole naziacha -12 hivi. Kupimia hizo LUFS kuna plagini ya Youlean Loudness Meter, ya bure inatosha kabisa.

Mteja akileta wimbo wa kulinganisha, uweke ndani ya mradi wako, ushushe mpaka usomeke sawa na miksi yako, ndo mlinganishe. Mara nyingi anachokiita nguvu kinabaki kuwa kitu kimoja kinachoonekana: kiki yao ni kavu na fupi, au kiongozi wao yupo mbele zaidi. Hicho unakifanyia kazi kwenye miksi.

Na kinachoizuia miksi ya kwaya isipande ni matope ya huku chini. Maiki za kwaya zinabeba mngurumo wa feni, miguu ya watu, besi ya mpiga gitaa aliyesimama jirani, ukizijumlisha traki 20 za namna hiyo limita inashtuka kwa vitu ambavyo hakuna anayevisikia. Soprano kata chini ya hezi 150, alto karibu hapo hapo, teno 100, besi za kwaya ziache mpaka 80 mana noti zao za chini kabisa zipo hapo. Kisha angalia 250 mpaka 400 kwenye basi nzima ya kwaya (chaneli ambapo sauti zao zote zinakutana), punguza desibeli mbili au tatu siyo kumi. Soprano wakipiga kelele ya pamoja kwenye kiitikio huwa wanachoma 2.5 hadi 4 kHz, hapo weka kompresa (inayobana sauti ikizidi) ya kugusa eneo hilo tu wakati wanapaza, ukikata moja kwa moja na ekwalaiza mabeti yatakuwa na blanketi.

Sasa besi yako. Chumba cha mita 3 kwa 3 ndo kinachokudanganya. Chukua mwendo wa sauti, mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata hezi 57. Hapo ndo kiki na besi zinapokaa, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa tatizo linajirudia pande zote mbili. Ukikaa katikati ya chumba eneo hilo linapotea, unaongeza besi mpaka uisikie, ukipanda daladala inamwagika. Sogea, kaa kama theluthi moja na ushee ya urefu kutoka ukuta ulio mbele yako, pembe za chumba jaza pamba ya kuhami au magodoro mazito toka chini mpaka juu, mapazia na trei za mayai hazishiki besi hata kidogo achana nazo. Kisha uwe na nyimbo tatu unazozijua kama sala zako, kila siku unaanza kwa kuzisikiliza hapo hapo kabla hujafungua kazi.

Kwenye simu besi haipo kwa sababu spika ya simu chini ya hezi 200 inatoa kidogo mno, na waya wa chini wa gitaa la besi ukiwa wazi unapiga 41. Nakili traki ya besi, hiyo nakala kata yote chini ya 200, ipitishe kwenye plagini ya satureshen mpaka ikwaruze, ichanganye taratibu chini ya ile ya kwanza. Sabufa haitaisikia, simu itaisikia. Na bonyeza mono kila baada ya muda, spika za makanisa mengi zimefungwa mono, ukitanua kwaya kwa plagini za ajabu ajabu pale kanisani nusu ya waimbaji wanayeyuka.

kinanda254

Niko Eldoret na hii ndio kazi yangu ya kila siku, wacha niongeze mambo ya wateja wa mbali. Watu wetu walioko Marekani, Uingereza, Australia na huko Gulf wanaimba sana na wanarekodi kwa nyumba, wanapenda mtu anayeelewa Kiswahili na anayejua vile kiitikio cha kwetu kinafaa kuingia. Usiwachaji kama vile unachaji kwaya ya mtaani, lakini pia usiwadanganye. Huku Kenya PayPal tunatoa direct hadi M-Pesa tangu 2018 so hio sio shida, kwenu wengi wanatumiwa pesa moja kwa moja kwa simu, panga hio mapema na mkubaliane nani analipa ada ya kutuma.

Kitu ya pili usikubali kulipwa kwa ahadi ya mgao wa mapato ya YouTube. Lipwa kazi yako, ukitaka mgao uwe juu yake na uandikwe. Na kwa karatasi andika jina lako litatokea kwa maelezo ya video, mimi nusu ya wateja wangu walinipata hapo chini ya video za wengine. Ukimaliza mpe mteja masta ya WAV 24 bit, MP3 ya 320, biti tupu bila vokali na moja yenye waitikiaji peke yao. Hio biti tupu ni muhimu sana kwa watu wa injili kwa sababu wanaalikwa kuimba kanisa ambayo haina bendi. Usingoje aiombe miezi sita baadaye wakati umeshabadilisha kompyuta. Pia mkumbushe asajili wimbo kabla hajaachilia, kwenu ni COSOTA (ofisi ya hakimiliki), mtunzi ni yeye sio wewe na usijiandike kama mtunzi ati kwa sababu ulipanga riverbu.

SebeniYaKivu

Ndugu zangu salamu, mimi ni wa Bukavu ila tupo Marekani na kwaya yetu, nyimbo zetu tunatuma zimiksiwe huko Afrika ya Mashariki kama alivyosema huyo wa Eldoret. Naomba mafundi mnisikie kwa upande wa sebeni. Wimbo unaanza polepole, dakika tatu za kuabudu, halafu unaruka kwenye sebeni na watu wanacheza. Fundi wengi wanabana wimbo wote sawa tangu mwanzo, sebeni ikifika haina mahali pa kwenda, inasikika ndogo kuliko sala iliyoitangulia. Acha mwanzo uwe chini, desibeli mbili au tatu tu, na kompresa ya masta isiguse sana pale mwanzo, sebeni ikiingia mtu asimame mwenyewe.

Na magitaa ni matatu, kila moja lina kazi. Akompa inashika wimbo, mi-solo inazungusha kitu kimoja bila kuchoka, solo inaongea. Fundi asiyejua anaona mi-solo inarudia rudia anaishusha, basi dansi imekufa. Iweke mi-solo upande mmoja, akompa upande wa pili, zote zisikike sawa, solo iwe katikati kidogo pembeni ya kiongozi, na yule anayepiga kelele za kuchangamsha asifunike solo. Haihat na mi-solo zikiwa wazi watu watacheza hata kwa spika ya simu.

Besi_ya_Nyegezi

Aisee nashukuru sana, nimenakili yote haya. Nimesogeza meza jana usiku, kile Desibeli alichosema kuhusu katikati ya chumba ni kweli kabisa, nimesogea mbele kidogo na mngurumo wa chini ukajitokeza ambao sikuwa nausikia, sasa narudia miksi ya besi kwa nyimbo mbili kabla sijazituma.

Swali langu la mwisho ni kunyoosha sauti zinazotoka kwenye noti. Kwaya hii niliyo nayo teno wanne wanashuka noti kila wakifika mwisho wa mstari, mwalimu wao anasema nipitishe otochuni (plagini ya kunyoosha noti) kwaya nzima. Nikifanya hivyo kwaya inakuwa kama kinanda. Na je hii ni sehemu ya miksi au naichaji pembeni?

Mwalimu_Solfa

Usipitishe kwaya nzima nakuomba. Watu 30 wakiwa kwenye noti ile ile kabisa bila tofauti hata ya unywele, ule upana wa kwaya unapotea, huo upana unatoka kwenye zile tofauti ndogo ndogo. Mrekebishe kiongozi pale alipoteleza na hao teno wanne mwisho wa mstari tu. Na mwambie mwalimu mwenzangu kwa heshima kwamba teno wake wanaishiwa pumzi, sehemu ya kupumua kaiweka mbali, hilo atalirekebisha kwenye mazoezi na wakija kurekodi albamu inayofuata hutakuwa na hiyo kazi.

Mzee_wa_Feda

Inachajiwa pembeni, kwa traki, na unaitaja siku unafungua mafaili siyo siku unamaliza. Mimi nasikiliza kwaya nzima siku ya kwanza kabla ya kutaja bei, naandika traki zinazohitaji kunyooshwa, naweka mstari wake kwenye karatasi: "kunyoosha sauti, traki 4". Kwa kazi ya aina hiyo Melodyne ni bora kuliko otochuni ya moja kwa moja, unashika noti moja moja, ile ya mwisho wa mstari unaipandisha kiasi, usiifikishe juu kabisa, robo tatu ya njia inatosha, na ule mtetemo wa sauti uache kama ulivyo. Kama hao teno wanne wamerekodiwa kwenye maiki moja pamoja itakusumbua, plagini haijui ishike ya nani, hapo jaribu kuazima: tafuta kiitikio kingine ambacho mstari ule ule waliuimba vizuri, kata, hamisha, pitisha fedi fupi kwenye maungio. Kwaya huwa wanaimba kiitikio mara nne au tano, utapata mmoja uliokaa.